Matundu Manane

Mpwa wangu anasoma Goma, na kwa kuwa anasoma Goma anajua kila kitu. Nilimpigia kumwambia natafuta swichi ya nyumbani, ya kugawia intaneti kompyuta mbili na printa. Kabla hajafungua mdomo alitaja malipo: jibini zima la Masisi. Kisha akanyamaza kidogo, kama daktari anayetazama picha ya mapafu.

"Mjomba, usinunue kitu cha aibu. Chukua ya gigabiti, matundu ishirini na manne, ile ya kusimamiwa."

Ya kusimamiwa! Kuku wangu wenyewe hawana msimamizi.

Tupige hesabu. Swichi ya gigabiti hupitisha megabiti 1,000 kwa sekunde, ile ya bei ya chini 100. Rauta yangu hula laini ya simu na hukaa dirishani ikitazama mnara; siku ikiamka vizuri, naletewa megabiti tatu. Yaani nijenge lami ya njia nne ndani ya ua, na huku nje, kutoka Sake mpaka Kitshanga, motari anasukuma pikipiki topeni. Mpwa akasema gigabiti ni kwa ajili ya mashine za ndani zikitumiana mafaili makubwa. Kweli. Zangu zinatumiana barua za kuomba kazi na orodha za michango ya harusi.

Swali ambalo hakuna muuzaji aliyeniuliza ni hili: inakula nini? Sisi tunaishi kwa paneli na betri ya volti 12. Igeuze swichi tumbo juu, soma maandishi yale madogo kama mchwa: nyingine hutaka volti 5, nyingine 9, nyingine 12, na pembeni kuna kimchoro cha kuonyesha chanya iko ndani au nje ya plagi. Mimi sikuigeuza. Ya kwanza ilikuwa ya volti 5, nikaiunga moja kwa moja kwenye betri. Taa zote zikawaka kwa pamoja, nzuri ajabu, kisha chumba kikanuka kama kandambili iliyosahauliwa jikoni. Ilinitumikia kwa muda wa kusema amina.

Ya pili nilichagua ya volti 12, isiyo na feni, inayokula wati chache tu. Hata hivyo fundi aliweka kidude cha kutuliza umeme katikati, kwa sababu jua likiwa kali betri inayochajiwa hupanda juu ya volti 14. Hapo nilikuwa nimeanza kuelewa. Kosa langu safari hii lilikuwa kwenye matundu.

Ya matundu matano ingenitosha: moja la rauta, yanabaki manne. Lakini ya manane ilizidi bei kidogo tu, na tamaa haina macho. Sasa, tundu tupu halifichiki. Mji huu wetu wa Kitshanga umezoea kupokea watu. Kambi ya wakimbizi wa ndani ya Mungote ilikaa nasi miaka na miaka, na nyumba ya vyumba viwili imewahi kulaza familia tatu. Nani aliyekulia hapa atamwambia jirani kwamba tundu la sita lina mtu, na jirani analiona liko wazi? Wiki haikuisha, waya tatu zilikuwa zimeruka ua. Mwenye waya mrefu kuliko wote ameshaarifiwa na mtu kwamba kebo hiyo hufika mita 100, na anatembea na habari hiyo kama cheti.

Ila waya unaoruka ua unaikaribisha radi ndani. Mwaka 2016 watafiti waliohesabu radi kwa setilaiti waliiweka Kabare ya Kivu Kusini ya pili duniani, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Sake nayo imo katika kumi za kwanza. Kwa hiyo wingu likijikunja mlimani, mama watoto huvuta nguo kambani kwa mkono mmoja na waya za swichi kwa mkono mwingine.

Juzi mvua ilipokatika, kijana wangu wa mwisho alizirudisha ili kunisaidia. Waya wa printa alidhani hauna mwenyewe, akauchomeka ncha zote mbili kwenye swichi ileile. Swichi ya bei yangu haina akili ya kujua inaongea na nafsi yake. Ujumbe ulizunguka na kuzunguka, taa zikapepesa kama harusi, na intaneti ikafa nyumba nne. Asubuhi nzima niliutukana mnara. Majirani, ambao hawalipi hata franka, walinitukana mimi.

"Mjomba," mpwa akasema simuni, "ile ya kusimamiwa ingeuziba mzunguko yenyewe." Halafu akaulizia jibini.

Nilimkatia kipande kinachoenea kwenye boksi la swichi, nikampa motari. Na ni boksi la matundu manane. Ningemsikiliza, ningemtumia la ishirini na manne.