Jinsi ya Kurusha Ndege Ukiwa Membley

Anza na ploti. Ile ya kawaida, 50 kwa 100, inatosha kujenga nyumba, kuchimba kisima na kukosana na jirani, lakini kwa urubani imepungua kidogo. Orville Wright aliporuka Kitty Hawk, Marekani, tarehe 17 Desemba 1903, alikwenda futi 120 kwa sekunde 12. Ploti yako ina futi 100. Hizo 20 zilizobaki utazimalizia kwenye sukumawiki za jirani. Na usijaribu kuiga safari ya nne ya siku hiyo, ya kaka yake Wilbur: futi 852! Hapo utakuwa umevuka kuta nane, zote zimepandwa vipande vya chupa juu, na mojawapo imeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba ploti haiuzwi.

Kisha pesa. Florence Kerr Wilson, ambaye uwanja wa Wilson una jina lake, alianzisha Wilson Airways Nairobi mwaka 1929 kwa ndege moja tu, Gipsy Moth. Wewe peleka hoja kwenye chama, baada ya ile ya viti na mahema ya kukodisha. Mweka hazina atauliza inabeba abiria wangapi na iko sacco gani.

Kuhusu kutua, mwalimu wako ni Beryl Markham, binti aliyekulia Njoro. Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi, upepo ukimpiga usoni kwa zaidi ya saa 20. Alikuwa anaelekea New York. Matundu ya hewa ya tangi yakaganda barafu, petroli ikagoma, ndege ikachomeka pua kwenye kinamasi cha Nova Scotia. Akatoka na jeraha kichwani, akapokewa kishujaa. Ukichomeka yako kwenye tope la Membley mwezi wa Aprili, vijana watakaokuja kukuvuta wataanza na bei.

Yote yakikushinda, fuata Kenya Airways, iliyoanza safari za moja kwa moja hadi New York tarehe 28 Oktoba 2018. Hiyo inataka tiketi, viza na kufika JKIA tu. Ingia Eastern Bypass mapema, na Kamakis upite vioo vikiwa vimefungwa: foleni utaivumilia, ila nyama choma ikikunusia, ndege itakuacha.