Jini wa Saa Nne Asubuhi

Ofisi yetu ina kompyuta tatu na imani nne kuhusu kompyuta hizo. Mama, mwenye duka, anaamini kila tatizo ni vairasi. Dada wa mapokezi anaamini ni mtandao. Fundi anaamini katika kuzima na kuwasha. Mzee, mhasibu wetu, haamini kompyuta hata chembe, ila anaitumia kwa heshima, kama mtu anayekula kwa mkwewe. Mimi ni mtunza stoo, sina mashine, kwa hiyo nina muda wa kuwatazama wote.

Tunauza vifaa vya ujenzi hapa Morogoro: saruji, nondo, mabati, misumari ya kila inchi. Zamani daftari la fedha lilikuwa moja, na aliyelitaka alikwenda mezani kwa Mzee, akatoa shikamoo yake, akasubiri. Mama akachoka kusubiri dukani kwake mwenyewe. Akaletwa fundi, akavuta waya mpaka kwenye swichi iliyo juu ya kabati, akaweka programu ya kusawazisha mafaili.

"Mama, ukiandika hapa, na kule kumeandikwa," alieleza. "Faili ni moja, ila linakaa mahali patatu."

"Na likipotea?"

Fundi akacheka. "Litapoteaje, Mama, na liko mahali patatu?"

Naomba msomaji aliweke swali hilo pembeni.

Mwanzoni kompyuta hazikuonana kabisa. Windows ilikuwa imeuhesabu mtandao wetu kuwa wa umma, kana kwamba tuko stendi ya mabasi, ikazizuia mashine zisitambuane. Chumba kimoja, waya ule ule, na kila moja imenuna kivyake. Dada akaipiga swichi kofi, maana ndiyo dawa anayoijua. Fundi akabadilisha mpangilio, mtandao ukawa wa binafsi, zikaanza kusalimiana. Tukanywa soda. Dada mpaka leo anadai ni lile kofi.

Kisha malipo ya Mzee yakaanza kutoweka.

Mambo yalikuwa hivi. Kila siku saa mbili asubuhi Dada hufungua daftari, akaingiza stakabadhi za jana yake, akasevu. Mnamo saa nne Mzee naye huingiza malipo: lori la mchanga, vibarua, mafuta ya jenereta. Akishamaliza, anakwenda kunywa chai. Akirudi, ya Dada yapo, yake hayapo. Si kwamba yameharibika au kuchanganyikana. Hayapo, kama hayakuwahi kuandikwa. Anaandika upya, yanaondoka upya. Ila akiandika baada ya chakula cha mchana, yanabaki. Na Jumamosi, Dada anapokuwa mapumzikoni, yanabaki hata ya asubuhi.

Ofisi nzima ikawa kamati ya uchunguzi. Mama akanunua antivairasi, ikakagua usiku kucha, ikakuta nyimbo za Dada zina kasoro na daftari ni zima. Fundi akazima na kuwasha. Dada akasema mtandao wa asubuhi huwa umelemewa, ingawa waya wetu hautoki nje ya chumba. Mzee ndiye aliyekuja na hoja iliyoelezea kila kitu. Hii, alisema, ni chuma ulete, kazi ya jini. Ile ya kawaida inachota fedha kwenye droo, hii ya kisasa inachota maandishi. Inaanza kazi asubuhi, ikifika adhuhuri inakwenda zake, Jumamosi haifiki. Nami nakiri kwamba kwa ushahidi tuliokuwa nao, hakuna mwenye hoja bora. Akaweka ndimu juu ya kompyuta.

Siku hiyo nilikwenda kusainiwa hati ya kupokea mabati. Mzee alikuwa anatafuta kalamu, mimi nikawa natazama kioo chake. Kule pembeni chini, penye saa, paliandikwa 4:20.

"Mzee, saa ya kompyuta imekosea."

Akainama, akatazama kioo, akatazama ukutani, akanitazama mimi kwa huruma. "Imekosea nini, mwanangu? Si saa nne na dakika ishirini hii?"

Na kweli ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Kompyuta ya Mzee ndiyo kongwe kuliko zote, na umeme ukikatika inasahau saa na tarehe. Ukirudi inauliza, naye kwa uaminifu anaijibu. Ikiwa ni saa nne, anaandika nne. Hakuona sababu ya kuishi saa za Kizungu mezani kwake. Intaneti haina, kwa hiyo hakuna wa kuisahihisha. Lakini kompyuta haijui kwamba Waswahili tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Kwake 4:20 ni alfajiri, majogoo hayajawika, na kila alichoandika Mzee kilikuwa kimeandikwa saa sita kabla ya wakati wake.

Sasa programu ya fundi ilikuwa na kanuni moja ya kuamua ugomvi: nakala iliyoandikwa karibuni zaidi inashinda. Dada amesevu 8:05, saa mbili na dakika tano. Mzee amesevu 4:20. Programu inatazama, inaona ya Dada ndiyo mpya, inaifuta ya Mzee bila kinyongo. Ikifika saa nane na dakika tano mchana, saa ya Mzee inasoma 8:05, na kuanzia hapo yeye ndiye mshindi. Jini anakwenda zake. Jumamosi Dada hayupo, hakuna wa kumshinda.

Msiicheke sana programu. Hata rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, na ambayo mafundi wa mitandao duniani wanaiapia, kwa kawaida haisumbuki kusoma kilichomo ndani ya faili. Inatazama ukubwa wake na saa ya mwisho kuandikwa; vikilingana inapita. Inataka kukuokolea muda. Inaamini kuwa watu wazima wa ofisi moja wamekubaliana ni saa ngapi.

Fundi akarekebisha saa, Mzee akaondoa ndimu. Umeme ukakatika. Uliporudi kompyuta ikajikuta miaka mingi nyuma, Mzee akairudisha mwenyewe, safari hii kwa uangalifu mkubwa, saa za Kizungu, dakika sahihi, mwezi sahihi. Mwaka akauongezea mmoja.

Hapo ndipo jini alipohamia mapokezi. Faili la Mzee lilikuwa la mwakani, na hakuna mwenye kalenda ya leo anayeweza kulishinda faili la mwakani. Kila stakabadhi ya Dada ikafutwa mbele ya macho yake. Mzee akamwendea na ndimu yake, kwa moyo safi kabisa, akamwuliza kama ataihitaji.

Haya yote yalikuwa ni betri. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri bapa, ya duara, inayoiwezesha saa kutembea umeme usipokuwepo. Ya Mzee ilikufa zamani. Fundi aliyetuzungusha kwa kuzima na kuwasha aliibadilisha kwa bisibisi, akiwa amesimama.

Tukadhani tumemaliza, mpaka kompyuta ya Dada ilipoanza kuwa nzito. Akaamua kuipunguzia mzigo. Alifuta picha za harusi, nyimbo, na folda ya daftari, kwa hoja ambayo wakili asingeipangua: nakala nyingine ziko kwa Mzee na kwa Mama. Pipa la taka akalimwaga. Programu ikaona kuna kilichofutwa, na kwa kuwa kazi yake ni kufananisha, ikafananisha. Faili lilikuwa mahali patatu; likafutwa mahali patatu. Lile swali la fundi likawa limejibiwa.

Balaa hili si la wauza nondo peke yao. Mwaka 1998, huko Pixar, studio ya filamu za katuni ya Marekani, mtu alitoa amri iliyoanza kufuta mafaili ya Toy Story 2, na walipokimbilia bakapu wakakuta haikuwa ikifanya kazi sawasawa. Kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mfanyakazi aliyekuwa amejifungua na akifanyia kazi nyumbani.

Sisi tulikuwa na Mzee. Tangu siku ya kwanza, kila Ijumaa, amekuwa akichapa daftari lote kwenye karatasi na kulifungia ndani ya boksi faili chini ya meza, na Mama amekuwa akimgombeza kwa kumaliza wino. Tuliandika upya kutoka humo, Dada akisoma, mimi nikipiga kwa vidole viwili. Hakuna aliyethubutu kutaja wino.

Sasa ipo diski ya nje. Inachomekwa Ijumaa, inapokea nakala, inachomolewa, inakwenda nyumbani kwa Mama ndani ya mkoba. Ikiwa imechomolewa, hakuna programu inayoweza kuifananisha na chochote. Mpigapicha Mmarekani Peter Krogh aliieneza kanuni inayotaka nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. Mzee anasema karatasi zake nazo ni aina ya kifaa, na hatujapata wa kumbishia.

Nawe msomaji, kama kompyuta yako inakuuliza tarehe kila umeme unaporudi, usiijibu tu ukaendelea na kazi. Mara nyingi betri hiyo ni CR2032, ya volti 3, na madukani wanaijua kwa jina hilo. Ukifika kwa fundi, usianze na habari za jini. Mtajie namba ya betri, naye atajua pa kuanzia.