Ombi la Matumbo Yetu Kuhamishiwa Ulaya

Kwenu Mamlaka Husika,

Tunawaandikia kutoka mwaloni Nkome, Ziwa Victoria, kwa heshima zote, kwa sababu kila tukiuliza kuhusu sumu ndani ya samaki tunajibiwa kuwa mamlaka husika inalifanyia kazi. Poleni na kazi.

Kwanza shukrani. Sangara akifika kiwandani, minofu inapimwa, inapewa cheti, inapanda ndege. Sisi tunabakiziwa kichwa, mapanki (mifupa inayobaki baada ya minofu kutolewa) na mafuta ya kukaangia. Mgawanyo huu ni wa kitaalamu kweli. DDT na endosulfani, dawa za kuulia wadudu, hazipatani na maji; makazi yake ni mafuta. Mvua inazikokota kutoka mashamba ya pamba hadi kwenye tope la ziwa, vijidudu vya majini vinazimeza kidogo kidogo, dagaa anakula vijidudu visivyo na idadi, sangara anakula dagaa, na kila mlaji anarithi deni la wote aliowala. Mrithi wa mwisho amekaa Nkome na sufuria ya mapanki. Mzungu kapelekewa nyama tupu, mafuta tumeachiwa sisi. Ukarimu huo tuulipe nini?

Tunaukumbuka mwaka 1999. Baadhi ya wavuvi walivua kwa sumu, Umoja wa Ulaya ukawafungia mlango samaki wa Ziwa Victoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda, na hapo ndipo sumu ikawa janga la taifa. Samaki haohao tulikuwa tukiwala sisi! Na watoto wetu! Hakuna aliyekuja kutuuliza hata kama tumbo linauma. Kumbe tumbo la mtu wa Nkome haliingizi fedha za kigeni.

Tuwieni radhi, wakubwa. Tuendelee.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta DDT na endosulfani ndani ya sato na sangara wa kusini mwa ziwa, kwa kiwango ambacho haukukiona kuwa hatari kwa mlaji. Tulishangilia. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa ana umri wa kupiga kura, na sisi bado tunakula kwa majibu yaleyale. Mwaka 2011 Mkataba wa Stockholm uliiweka endosulfani kwenye orodha ya sumu za kutokomezwa duniani. Tope la ziwa halijapata nakala.

Kwa hiyo tunaomba matumbo ya wakazi wa Nkome yatangazwe kuwa sehemu ya Umoja wa Ulaya. Ardhi bakini nayo, na kura zetu pia. Tumbo tu. Mpaka uwekwe ulimini, na kooni pawe na forodha ndogo yenye afisa wa koti jeupe na glavu. Kila tonge lipite na cheti cha maabara; lisilo na mhuri lirudishwe lilikotoka, na njia ya kulirudisha tunaijua. Mtoto anayenyonya aandikiwe kibali cha mzigo unaopita, maana sumu hizi hupita hata kwenye maziwa ya mama. Mtu wetu akienda Geita mjini, tumbo lake liwe na kinga ya kibalozi, hata mbele ya mishikaki ya stendi. Nasi tunaahidi utii: tutashiba kwa viwango na kucheua kwa saa za Brussels.

Mengine ni madogo. Chupa za dawa ya pamba zizuiwe kujiosha zenyewe ziwani. Dagaa wafundishwe kusoma lebo. Zebaki ya machimboni tutaiandikia barua yake.

Na kama Ulaya ni mbali, basi pimeni kichwa, mapanki na mafuta yanayouzwa hapa mwaloni kama mnavyopima minofu, majibu yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, kabla ya mvua zijazo.

Wenu watiifu,
Walaji wa mapanki,
Nkome.