Barua ya Watazamaji wa Mususa kwa Watunzi wa Tamthilia Isiyokwisha

Kwa Waheshimiwa Wabunge na Waheshimiwa Maseneta,
Palais du Peuple, Kinshasa.

YAHUSU: Malalamiko juu ya tamthilia ya polisi na wauaji iitwayo “État de siège”

Watazamaji wa Mususa, mjini Butembo, pamoja na jamaa zao wa Beni, wanawasalimu Waheshimiwa kwa heshima zote zilizobaki. Wanatumaini barua itawakuta wazima, tena umeme ukiwaka. Wenyewe wanaandika kwa taa ya jenereta, kwa hiyo wataomba radhi pale maneno yatakapokuwa makali: mafuta ni ghali, na mtu anayeandika huku akisikiliza jenereta likikohoa hapati nafasi ya kuchagua maneno matamu.

Kwanza, hongera. Si kila nchi inaweza kuendesha tamthilia ya namna hii miaka na miaka bila kumtaja muuaji. Wajerumani walijaribu. Derrick wao alianza kuonekana Oktoba 1974, akaaga Oktoba 1998 baada ya sehemu 281, zote zikiwa zimetungwa na mtu mmoja, Herbert Reinecker. Sauti zilitafsiriwa, filamu ikauzwa katika nchi zaidi ya 100, na wazee wengi wa huku waliosoma Kifaransa bado wanamkumbuka yule mpelelezi wa München mwenye macho ya mtu aliyekosa usingizi. Udhaifu wake ulikuwa mmoja tu: baada ya saa moja, alikuwa amemkamata mtu.

Waheshimiwa hawakulirudia kosa hilo.

Tamthilia yao, yaani utawala wa kijeshi katika Kivu Kaskazini na Ituri, ilitangazwa mwanzoni mwa Mei 2021 na kuanza rasmi tarehe 6, siku chache baada ya wanafunzi wa Beni kulala nje kwenye ofisi ya meya wakidai mauaji yakomeshwe. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya siku 30. Tangu hapo mkataba unafuata kifungu cha 144 cha Katiba: siku 15, kisha siku 15 nyingine, kisha nyingine tena, kila mara Bunge na Seneti wakikubali. Mwaka mmoja unatoa sehemu 24. Kijana mmoja wa Mususa mwenye kichwa cha hesabu amekaa na kalamu akakuta kwamba kwa mwendo huo rekodi ya Derrick itafikiwa mwishoni mwa 2032. Ameomba Waheshimiwa wajulishwe mapema, ili keki iagizwe.

Jambo linalowashangaza zaidi mafundi wa sinema ni likizo. Kwingine mtunzi akienda likizo, kazi inasimama. Hapa Waheshimiwa wanapoondoka Kinshasa huiachia serikali sheria ya kuiruhusu iongeze siku kwa niaba yao, kama mama mwenye nyumba anavyomwachia jirani ufunguo amwagilie maua. Maua yanamwagiliwa vizuri sana.

Sasa malalamiko. Yanahusu zaidi ile sehemu ya Agosti hadi Oktoba 2023, ambayo ilionekana kama ndiyo ya mwisho.

Matayarisho yalikuwa ya kuvutia. Kuanzia tarehe 14 hadi 16 Agosti, watu wa Kivu Kaskazini na Ituri waliitwa Kinshasa kwenye meza ya duara kusema tamthilia iendelee, ibadilishwe, au ifungwe. Huku nyumbani redio ziliwashwa tangu alfajiri. Ikafuata sehemu nyingine, Goma, tarehe 30 Agosti, ambapo raia zaidi ya hamsini waliuawa na wanajeshi waliopaswa kuwalinda, na mhusika mkuu, gavana Constant Ndima, akaitwa Kinshasa. Baada ya hapo mtazamaji yeyote mwenye akili angesema: basi, hapa mtunzi amefika mwisho, sasa atafunga. Tarehe 12 Oktoba Rais Félix Tshisekedi akasimama mbele ya taifa. Watu wakanyamaza hata kwenye vilabu vya kasiksi, jambo ambalo ni nadra.

Akatangaza kwamba hatua zitalegezwa polepole.

Polepole! Siku zikapita, siku 15 zikaisha, na Waheshimiwa wakapiga kura ya sehemu iliyofuata. Meya wa mji alibaki afisa wa polisi, gavana alibaki jenerali. Yule aliyeshika nafasi ya Ndima, Peter Cirimwami, aliuawa vitani Januari 2025, na mwingine, Evariste Somo Kakule, akachukua nafasi yake. Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi, Beni ikageuka makao ya mkoa. Wahusika wamebadilika, mandhari imebadilika. Mwandishi wa hadithi hajabadilika, na muuaji hajatajwa.

Kwa lugha ya sinema, watazamaji wangependa kueleza kinachowaudhi hasa. Tamthilia yoyote ya upelelezi huanza na maiti, na maiti huwa na jina. Derrick akifika mahali alikuwa akiuliza: Huyu ni nani? Alikuwa akimdai nani pesa? Nani alimwona mara ya mwisho? Dakika ishirini nzima zinaliwa na marehemu: viatu vyake, mke wake, chai iliyopoa mezani. Huku kwetu marehemu huletwa kama hesabu, na hata hiyo hesabu hubadilika kati ya taarifa ya asubuhi na ya jioni. Rwangoma, hapo Beni, usiku wa 13 Agosti 2016: hesabu. Ntoyo, upande wa Manguredjipa, usiku wa 8 Septemba 2025, watu wamekaa matangani wakimlilia mtu wao, na wenyewe wakauawa, zaidi ya 60: hesabu. Kisha inatoka ile sentensi ambayo watoto wa Beni wanaijua kuliko sala: uchunguzi umefunguliwa. Tangu Oktoba 2014 zimefunguliwa ngapi? Watu wanazika tangu walipokuwa shule ya msingi hadi wanaoa, na wanachopewa ni mlango uliofunguliwa ambamo hakuna aliyewahi kuonekana akitoka akiwa amemshika mtu mkono. Mtu anayewaita watu hawa watazamaji anawatukana. Mtazamaji huzima televisheni akaenda kulala.

Watazamaji wanaomba radhi. Jenereta lilikohoa.

Kwa haki, lazima isemwe kwamba mara moja kesi ilifika mwisho. Kanali Mamadou Ndala aliuawa tarehe 2 Januari 2014 hapo Ngadi, na mwezi Novemba mwaka huohuo mahakama ya kijeshi iliyokaa Beni ilimhukumu kifo luteni kanali Birotsho Nzanzu. Majadiliano juu ya hukumu hiyo hayajaisha kwenye meza za Beni, lakini angalau palikuwa na kiti cha mshtakiwa na mtu amekikalia. Mahakama za kijeshi ziliendelea kuwa na kazi: mwaka 2022, hapohapo Beni, zilipata nguvu ya kuwafunga vijana wa harakati ya kiraia ya LUCHA, zaidi ya kumi, mwaka mmoja kila mmoja. Walikuwa wamekamatwa Novemba 2021 wakiandamana kusema tamthilia haiwafurahishi. Kumfunga mtazamaji kwa kutopiga makofi: hata Reinecker hakulifikiria hilo.

Hivyo basi, ombi.

Watazamaji wanaomba Derrick aajiriwe. Wanajua Horst Tappert aliyemuigiza alifariki Desemba 2008, na hawaoni kwa nini hilo liwe kikwazo; orodha za mishahara ya dola zimezoea majina ya watu ambao hakuna aliyewahi kuwaona kazini. Wanajua pia kwamba mwaka 2013 iligundulika Tappert alikuwa katika Waffen-SS wakati wa vita, na televisheni ya Ujerumani ikaacha kurudia filamu zake. Hapa pia hakuna shida. Waheshimiwa wenyewe wanajua ni mara ngapi katika nchi hii mtu alinyimwa cheo kwa sababu ya alichofanya porini.

Derrick mwenyewe atashukia uwanja wa ndege wa Mavivi. BMW yake ipitie njia ya bidhaa zote za Butembo: meli hadi Mombasa, kisha Kampala, kisha mpaka wa Kasindi, ambako forodha wataikagua kwa siku kadhaa na kukuta kasoro katika karatasi. Kutoka Kasindi itapangwa kwenye msafara, kati ya lori la saruji na lori la magodoro, wanajeshi mbele na nyuma. Msaidizi wake Harry Klein ataagizwa alete gari, kama kawaida yake. Atarudi jioni bila gari, watatu juu ya pikipiki moja, tope hadi magotini, mkononi ana vipande vya karatasi kutoka kwenye vizuizi vya barabarani, kimoja tu kikiwa na muhuri. Derrick atavitazama kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza katika sehemu 281 uso wake utaonyesha mshangao.

Kesho yake atatoka na koti lake la rangi ya mchanga, ambalo vumbi la Butembo litalibadilisha kabla ya saa nne asubuhi. Hatahitaji mitambo. Atamketisha mjane kwenye kiti cha plastiki, atakubali chai, na atauliza yale maswali yake ya polepole. Mume alilima nini? Kakao. Shamba liko wapi? Kule ambako haturudi tena. Na kakao iliyoiva mwaka huu ilivunwa na nani? Hapo mjane atanyamaza. Derrick ataendelea: gunia lilipita kizuizi gani, saa ngapi, mbele ya nani, likanunuliwa wapi? Ataandika kwenye kijitabu. Reinecker angepata sehemu tatu nzima kutoka kwenye gunia hilo moja, na watazamaji wanaamini kwamba katika sehemu ya tatu watu fulani wangeacha kupokea simu.

Tuseme amemkamata mmoja. Ampeleke wapi? Gereza la Kangbayi, hapo Beni? Juni 2017 lilivunjwa, wakatoka zaidi ya 900. Likajazwa tena, na Oktoba 2020 likavunjwa tena, wakatoka zaidi ya 1,300. Basi ampeleke Kakwangura, Butembo. Huko walivunja Agosti 2022, tamthilia ikiwa imeshafika mwaka wake wa pili, gavana jenerali, meya polisi, wakatoka zaidi ya 800. Harry, ambaye ni mtu wa hesabu, atasema: mkuu, hao ni zaidi ya 3,000. Derrick atavua miwani. Atauliza nani alikuwa zamu, na ataambiwa kwamba uchunguzi umefunguliwa.

Mengine ni madogo. Waheshimiwa watakapopiga kura ijayo, karani asome kwanza muhtasari wa sehemu iliyopita, kwa majina ya marehemu, yote, hata kama kikao kitachelewa chakula cha mchana. Neno “kulegeza” lipumzishwe. Kama hawawezi kumtaja muuaji, angalau waandike “itaendelea” chini ya skrini, ili wauza kakao na wenye mashamba wajue waseme nini wakikopa. Na yule mbunge anayependa kusema kwamba watu wa Beni wamezoea, asilale Kinshasa siku moja tu. Alale Eringeti, kule Beni.

Wenu watiifu, kwa siku 15 zijazo,

Watazamaji wa Mususa.

Nakala: Bwana Harry Klein, München. Aje na pampu ya tairi.