Wageni wa Barazani

Tukuyu mtu akijikinga mvua barazani kwako humuulizi. Mvua ya hapa haina ratiba. Basi jirani yangu, ambaye miparachichi yake inalindwa na seng'enge na mbwa wawili, alidhani vijana sita waliokaa barazani kwake wanajikinga tu. Jua likawaka, wakabaki palepale, vichwa chini, vidole mbioni. Akipita wanaitikia kwa adabu: "Ndaga fijo, baba!" (asante sana). Akajiona mtu wa watu.

Kumbe waifai yake bado ina nywila ya kiwandani, ile iliyobandikwa chini ya ruta, na ruta yenyewe kaipanga dirishani kama chungu cha maua. Bando la mwezi likawa linakata roho tarehe nane.

Nikamwambia: ingia kwenye mipangilio, weka nywila ndefu, chagua WPA2 au WPA3, zima na WPS. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, sawa, lakini utampeleka polisi mpwa wako? (Ndiye aliyekisoma kibandiko.)

Amebadili. Nywila mpya ni jina la mbwa wake mmoja, mara mbili, vilevile anavyomwita kila jioni, kata nzima ya Bulyaga ikisikia.