Kope Zangu na Bei ya Istanbul

Kope zangu za juu zimeshuka kiasi kwamba watu wa Daa wameacha kuniuliza nimeamkaje. Wananiuliza kama nimeamka. Mkutano wa kijiji ukifika kwenye michango, lazima mtu aseme, "Mzee wa pale nyuma aamshwe." Sijalala. Mchango nimeusikia, ndiyo maana natazama chini.

Habari ya kupasuliwa kope nje ya nchi ililetwa na binti wa dada yangu, anayefanya kazi Dubai. "Mjomba, Istanbul wanazipandisha siku moja tu, na hoteli imo humo humo." Kumbe siku hizi kope zinauzwa kwa kifurushi, pamoja na gari la kukupokea uwanja wa ndege na chai ya asubuhi! Akanihakikishia kuwa ni nafuu sana kuliko Marekani, ambako ada ya daktari peke yake hupita dola 3,000, hujalipia ganzi wala chumba. Nikazigeuza ziwe shilingi, zikaja milioni saba na ushee. Mbele ya milioni saba kila kitu ni nafuu, hata trekta bovu la jirani yangu.

Haya, tuuhesabu huo unafuu kuanzia Daa. Pasipoti, shilingi 150,000. Bodaboda mpaka Karatu mjini, basi la Arusha kupitia Mto wa Mbu na Makuyuni, halafu gari jingine mpaka KIA. Tiketi ya ndege siitaji, nina presha. Nyuzi hutolewa baada ya wiki hivi, kwa hiyo wiki nzima unalipia hoteli ambayo huioni vizuri. Na mtu mwenye macho yaliyovimba haachwi peke yake uwanja wa ndege, lazima awe na msindikizaji, naye anakula.

Nikasema basi iwe India, Watanzania tumeizoea kwa matibabu. Wana viza ya mgonjwa na viza ya wasindikizaji, hadi watu wawili. Mke wangu alipolisikia hilo alijaza nafasi zote mbili papo hapo: yeye na dada yake. Lakini mimi na India tuna kesi ya zamani. Agosti 2017 waliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi za kutoka nje, na huku kwetu bei ikaporomoka vibaya kuliko kope zangu. Mbaazi tulizila asubuhi, mchana na jioni. Walizikataa mbaazi zangu, leo niwapelekee kope na hela juu?

Hata hivyo nilikwenda kupiga picha ya pasipoti, Karatu mjini, nikakalishwa mbele ya kitambaa cha buluu.

"Fumbua macho, mzee."

"Nimefumbua."

"Fumbua kabisa."

Nikanyanyua nyusi mpaka kofia ikasogea. Picha ilipotoka nilikuwa kama mtu aliyesomewa bili. Na nasikia hata kwenye kitanda cha upasuaji mambo ni hayo hayo: wanakupiga ganzi tu, kisha daktari anakwambia ufumbue macho ili aone kama kope zimelingana. Mamilioni yote hayo, na amri ni ile ile ya mpiga picha.

Kinachoniuma zaidi ni jirani zetu wa Ngorongoro. Kule ugonjwa wa vikope huzigeuza kope zikaingia ndani, zikawa zinakwaruza jicho mpaka mtu anapofuka. Kwa hao kuna kampeni: timu inafika kijijini, muuguzi aliyefunzwa anarekebisha kope kwa muda mfupi, bure. Ni haki yao, maumivu yale simwombei mtu. Ila zangu zimeanguka nje, na kope za kuanguka nje hazina mfadhili.

Bima nayo? Nilipouliza, kijana wa dirishani alinitazama akasema, "Hiyo ni urembo, mzee." Mimi, na mvi hizi, urembo! Baadaye daktari mmoja wa macho alinieleza kuwa kope ikiziba mboni inazuia kuona, na inapimika. Unatazama vitaa kope zikiwa zimelegea, kisha zinabandikwa plasta kwa juu, unatazama tena. Tofauti ndiyo ushahidi. Mke wangu akadakia, "Kumbe plasta inatosha! Tunahangaikia India ya nini?"

Naanza na KCMC, Moshi. Wana idara ya macho inayosomesha madaktari bingwa, na nauli yake ni ya basi. Binti wa dada yangu atume hiyo kwanza, Istanbul tutaijadili Krismasi.

Zangu zimeshuka polepole, miaka na miaka. Wewe ambaye kope yako imeshuka ghafla, kichwa kinagonga au unaona vitu viwili viwili, mstari huu hukupaswa kuufikia. Ungekuwa umeshafika hospitali.