Mhadhara Mkuu Juu ya Mamba Aliyejua Kutafuna

Mheshimiwa Mtendaji wa Kata, wazee wa Izia, akina mama, na nyie vijana mliofuata soda: tulieni. Anayesimama mbele yenu ni Bingwa wa Meno ya Kale, Nyanda za Juu Kusini Magharibi. Cheo hiki nilijipa mwenyewe, baada ya kuwachuja wagombea wote na kujikuta niko peke yangu.

Bango la mlangoni linasema nitazungumzia dinosaria mdogo mla nyama mwenye meno ya ajabu. Bango limekosea, na aliyeliandika yumo humu, anajifanya anasoma simu. Wa kwetu si dinosaria. Dinosaria waachieni watu wa Tendaguru kule Lindi, ambako Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913 wakahamishia mifupa Berlin. Sisi tuna Pakasuchus kapilimai: mamba wa ukubwa wa paka, aliyeishi yapata miaka milioni 105 iliyopita. Alifukuliwa kwenye miamba ya Bonde la Ufa la Rukwa, na mwaka 2010 Patrick O'Connor na wenzake wakamtangaza katika jarida la Nature. Jina la pili ni heshima kwa Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nafasi ya jina la tatu bado iko wazi, sisemi kitu.

Sasa, meno. Mamba wa Ziwa Rukwa mnamjua: meno yamechongoka, yote yanafanana, kazi yake kushika na kurarua. Nyama inashuka tumboni mapande kwa mapande. Huyu wetu alikuwa na meno makali mbele, na nyuma magego yenye matuta, ya juu yakikutana na ya chini kama mawe mawili ya kusagia ulezi. Taya la chini lilikwenda mbele likarudi nyuma. Alitafuna! Mamba, wazee wangu, alitafuna, na humu ukumbini wapo wanaomeza perege na miba yake.

Kisukuku kilikutwa kimefumba kinywa. Watafiti wakakipiga picha kwa mashine ya CT, ile ile ya hospitali, wakayaona magego yote bila kuvunja kitu. Fuvu lenyewe linaenea kiganjani. Mimi ningetumia njiti ya meno, lakini hawakuniuliza.

Miguu yake ilikuwa myembamba, ya kukimbilia nchi kavu. Yale mabamba mazito ya mgongoni yalipungua sana, yakabaki zaidi mkiani. Chakula? Wataalamu wanadhani wadudu na wanyama wadogo. Mimi natamka: kumbikumbi. Ushahidi ni kwamba ningekuwa yeye, ningekula kumbikumbi.

Anayetaka kuuliza kama nyama yake ilikuwa tamu, mlango ule pale.

Mwisho, agizo. Ukishuka bondeni ukaona jiwe lenye meno, usilipasue, usiliuze, usilipeleke nyumbani kuzuia mlango. Masalia ya kale yanalindwa na sheria tangu 1964. Liache pale pale, katoe taarifa serikali ya kijiji, wao wawaite wataalamu. Kisha nipigieni na mimi, nije kukubaliana nao.